Mlima Nyuma ya Cherehani za Dada

Jumanne, 4 Machi

Daktari ameniambia nitembee. Hakusema nitembee kwenda wapi, kwa hiyo lawama za yote yatakayofuata ni zake. Alinifunga ule mkanda wa kupimia presha, akautazama, akautazama tena, kisha akasema moyo wangu unafanya kazi ya watu wawili wakati mimi mwenyewe nafanya kazi ya nusu mtu. Nina miaka hamsini na saba. Thelathini na miwili kati ya hiyo nimeikalia kwenye kiti kimoja cha duka la miwani, nikisugua vioo vya watu wasioona mbali.

Basi nimetembea hadi mwisho wa lami, palipomwagwa kifusi cha mawe. Mtu mwenye tumbo kama langu hutembea akitazama chini, ahakikishe miguu bado ipo. Ndivyo nilivyoliona: jiwe la ukubwa wa ndimu, lenye mistari ya kijivu na nyeupe iliyokunjwakunjwa kama shuka la mgonjwa. Nikaliokota. Nikalilamba. Watu wa mawe hulamba, kwa sababu jiwe likilowa rangi zake hutoka. Mama mmoja aliyekuwa anakuja na ndoo akahamia upande wa pili wa barabara.

Ujanani nilisoma jiolojia mwaka mmoja na nusu. Kisha baba akaugua, nikarudi nyumbani, nikapata kazi ya muda mfupi kwenye miwani. Muda mfupi huo haujaisha hadi leo.

Jumatano, 5 Machi

Miguu inauma. Jiwe limekauka mezani na kuwa jiwe la kawaida. Nimelilamba tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea Dada jiwe alione. Dada amenizidi miaka sita na kila kitu kingine. Anashona sare za shule, na chumba chake cha kushonea kiko nyuma ya nyumba: cherehani tatu, meza ya kukatia, na dirisha linalotazama ua mwembamba. Baada ya ua kuna ukuta wa mawe, na juu ya ukuta mlima unaendelea, pale ulipochongwa miaka ishirini iliyopita ili nyumba ipate kukaa. Kamba yake ya kuanikia nguo inatoka kwenye ndoano iliyo juu ya dirisha hadi kwenye nguzo iliyosimikwa huko mlimani.

Aliligeuza jiwe, akaniuliza linafanya kazi gani. Nikamwambia halifanyi kazi yoyote.

"Basi mmekutana," akasema, akanirudishia.

Nikageuka ili nisionekane nimeumia, na hapo nikaona kile ambacho kwa miaka ishirini nimekinywea chai nikikipa mgongo. Mlima pale ulipochongwa ulikuwa unametameta. Ni ulanga, yale magamba membamba yanayong'aa kama ya samaki. Nikaazima kijiko jikoni nikapanda. Nusu saa baadaye nilishuka na ganeti tatu kiganjani, vijiwe vyekundu vinavyokaribia weusi, kimoja ukubwa wa punje ya mahindi, kina pande zake zote kana kwamba kuna mtu aliyekaa akakichonga. Nikamweleza Dada kwamba vitu hivi viliota ndani ya jiwe, lilipokuwa limezikwa chini sana na kupikwa na joto. Akasema ni vizuri kujua kwamba nyuma ya chumba chake kuna jiko, na kwamba kijiko nilichopinda nitakilipa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetia siki kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, kujua kama ni jiwe la chokaa. Lilitoa povu. Ni la chokaa. Mke wangu hajasema nami tangu saa moja.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Dukani mteja aliuliza miwani yake imefikia wapi, nikamjibu kwamba zamani ilikuwa mchanga. Hakucheka.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeutazama mlima kama ninavyotazama jicho la mteja, bila kuchagua ninachotaka kuona, na sikupenda nilichoona. Matabaka ya jiwe lile hayakulala. Yameinama kuelekea nyumba, kama vitabu vilivyoegemezwa kwenye rafu ambayo mwisho wake haukufungwa. Na kati ya tabaka na tabaka kuna udongo wa kijivu, unene wa kidole. Niliulowesha nikausugua: sabuni tupu.

Injinia alikuwepo. Injinia ni jina tu. Ni mwashi, hajakanyaga darasa lolote la uhandisi, lakini huongea kuhusu saruji kana kwamba waliivumbua yeye na marehemu babu yake. Ndiye aliyeujenga ukuta ule. Nilipomweleza habari ya matabaka, aliugongagonga ukuta kwa kiganja akasema tatizo si matabaka, tatizo ni kwamba ukuta hauna pua. Miaka ile alitaka kuuachia matundu ya kutolea maji, Dada akakataa, hakutaka maji machafu uani kwake. Mimi nikacheka. Nazungumzia mlima, mwenzangu anazungumzia pua. Akaniambia mimi ni fundi wa miwani. Nikamwambia yeye ni fundi wa saruji. Wote tulisema kweli na wote tuliumia.

Dada alikuwa anakata kola. Hakuinua kichwa hadi alipoimaliza. Ana sare mia mbili na arobaini za kushona kabla shule hazijafunguliwa tarehe tano Mei.

"Nihame humu au nisihame?" akaniuliza. "Usinipe hotuba. Nataka neno moja."

Nikaomba wiki mbili nipime.

Jumapili, 16 Machi

Nimepigilia vigingi viwili vya chuma mlimani, kimoja karibu na ukuta, kingine juu zaidi, chini kidogo ya mfereji mdogo uliochimbwa na maji kwenye nyasi. Nimepima kutoka ncha hadi ncha. Sentimita 412. Mlima ukitembea, namba itabadilika. Nilishuka nimechafuka hadi masikioni, na nikiwa na furaha ambayo sikumbuki lini niliwahi kuwa nayo siku ya Jumapili.

Jumatatu, 17 Machi

412.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kubwa. 412.

Alhamisi, 20 Machi

412. Mke wangu amesema aliolewa na mtu, sasa analala na namba.

Jumamosi, 22 Machi

412. Taulo za Dada zilikuwa zinagusa matope. Akaikaza kamba huku akiulaani mkono uliofunga fundo la kule nguzoni. Mkono ni wangu, wa mwaka juzi. Nikajifanya natafuta ganeti.

Jumapili, 30 Machi

Wiki mbili zimetimia. Mvua imenyesha siku tisa kati ya kumi na nne, na namba haijasogea hata upana wa uzi. Nikaoga, nikavaa shati la heshima, nikaenda kumpa Dada neno lake.

"Umelala," nikamwambia. "Mlima umelala."

Alikuwa na futi yake ya kupimia shingoni, mdomoni pini mbili. Akazitoa kwanza. "Una hakika?"

Ningeweza kusema nina namba. Nilisema nina hakika. Ni maneno mawili tofauti, lakini mbele ya dada aliyekuona ukijifunza kuvaa viatu, unachukua lile linalokufanya uonekane mrefu.

Kumbe alikwishazungumza na wifi yake wahamishie cherehani sebuleni kwetu. Akaahirisha. Jioni akapokea na blauzi arobaini zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili

412. Mlango wa chumba cha kushonea unakwama chini. Nikasema ni mvua, mbao zimevimba. Injinia aliupiga randa, kisha akachuchumaa akautazama muda mrefu. Anasema mbao hazikuvimba, fremu ndiyo iliyopinda. Nadhani anatafuta kazi.

Jumatano, 9 Aprili

Jua. 412. Ganeti ukubwa wa haragwe! Nimelala nayo chini ya mto. Mke wangu ndiye aliyeigundua, kwa shavu.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya tatu ya mvua mfululizo. 412. Injinia amekuja na mtalimbo, akatoboa ukuta sehemu mbili bila kumwomba mtu ruhusa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalitoka mchana kutwa. Dada alimfokea kwa ajili ya ua wake, halafu akaikaza tena kamba yake, ambayo mashati yake yalikuwa yanaburuzika chini. Mimi nilikuwa upande wa Dada. Nikasema, tena kwa sauti, kwamba kuna watu hawawezi kuona kitu kizima bila kukitoboa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika mengi leo. Mgongo hauniruhusu kulala.

Asubuhi Injinia alikuja dukani kutaka miwani ya kusomea. Sikujua kwamba anasoma. Nikamkalisha, nikamvalisha fremu ya majaribio, nikawa nambadilishia vioo. Alikuwa mpole kuliko kawaida. Alipofika mstari wa nne wa herufi akaniuliza vigingi vyangu viko wapi hasa. Nikamwambia. Vyote viwili? Vyote viwili, mlimani.

"Mlimani," akasema. "Sasa kama mlima unatembea?"

"Ukitembea namba itabadilika."

"Bwana mdogo." Ananizidi miaka mitatu. "Wewe umekaa ndani ya basi, unapima kutoka kiti hadi kiti, kisha unawaambia watu basi limesimama."

Nikambadilishia kioo. Akasoma mstari wa tano. Kisha akaniuliza ule mfereji ulio juu ya kigingi changu umechimbwa na maji gani, maana yeye hajawahi kuona maji yanayokwenda kwa kukingama badala ya kuteremka.

Mikono yangu ilibaki hewani na kioo. Mwaka mmoja na nusu wa jiolojia, na katika wiki ya pili kabisa tulifundishwa hivyo: kipande cha mlima kikitaka kushuka, kwanza hujikata juu, kwa ufa unaokatiza mteremko. Mimi niliuruka ufa huo kila siku kwa mwezi mzima, na lenzi machoni, nikitafuta vijiwe vya ukubwa wa haragwe.

Nikafunga duka saa tano. Kule juu niliingiza mkono kwenye ule "mfereji", ukazama hadi kwenye kiwiko. Upande wa chini ulikuwa umeshuka upana wa kiganja. Vigingi vyangu vyote viwili viko upande huo. Vilikuwa vinasafiri pamoja, vimeshikana mikono, 412.

Nilihitaji kitu ambacho mguu wake mmoja uko kwenye nyumba na mwingine uko mlimani. Nikashuka, nikasimama chumbani kwa Dada nikitweta, naye akawa ananiambia nifute viatu, na dirishani shati moja la shule lilikuwa limening'inia hadi mkono wake umegusa tope. Nikalitazama shati. Nikaitazama kamba iliyolishika.

Nikamuuliza ameikaza mara ngapi tangu mvua zianze. Kila Jumamosi, akasema, kamba za siku hizi zinatanuka kama mpira. Nikamuuliza ni kamba ya lini. Akafikiri. Ya miaka minne.

Ncha ya kamba ilikuwa inaning'inia kutoka kwenye ndoano. Kila lilipokuwa fundo la zamani, nyuzi zilibaki zimejikunja na uchafu umeganda, alama baada ya alama. Nilitaka kupima, Dada akaninyang'anya kamba. Akavua futi yake shingoni akapima mwenyewe, kama anavyopima pindo, kutoka alama ya kwanza hadi fundo la leo. Mbili. Mbili. Tano. Tisa. Kumi na nne. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Mtu anayeshona miaka arobaini anajua kitambaa kikianza kuvutwa kinaelekea wapi.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Ulisema umelala."

"Nilikosea."

"Ulikosea kupima au ulikosea kusema?"

Nimelifikiria swali hilo mchana kutwa, nikiwa nimebeba kichwa cha cherehani begani. Pale pale nilimjibu kwamba kupima nilikosea kidogo, kusema nilikosea sana.

Akazitazama sare kwenye rafu. Zimebaki tisini na sita. Akaomba abaki hadi Jumamosi tu, amalizie zilizokwishakatwa. Sikuwahi kumkatalia Dada kitu tangu nizaliwe, si kwa adabu, kwa woga.

"Leo, Dada," nikasema. "Na usilale humu."

Alinitazama kama mtu anayesoma mstari wa mwisho wa herufi. Kisha akafunga mashine, akachomoa uzi. Hadi saa kumi na mbili tulikuwa tumehamisha kila kitu: mimi, mke wangu, na Injinia aliyekuja bila kuitwa, na ambaye hakusema "nilikwambia" hata mara moja. Hilo nalo lilikuwa zito kubeba.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimepiga simu ofisi ya ardhi. Wamesema tusiingie kwenye nyumba, mtaalamu atafika mvua zikipungua. Nimefunga kamba mpya nguzoni, imepita kwenye ndoano na inavutwa na jiwe kwenye ncha, na napima nikiwa nimesimama mbali, kwa alama nilizozichora juu yake. Kutoka ndoano hadi nguzo: 961. Sebuleni hakuna pa kuweka mguu. Mawe yangu yamehamia chini ya kitanda. Dada haongei nami ila kuomba uzi.

Jumamosi, 19 Aprili

957.

Jumapili, 20 Aprili

951. Injinia ametoboa ukuta sehemu tano zaidi, kutoka pembeni, akiwa amefungwa kamba kiunoni na mimi nimeishika. Nilimwambia ni wazimu. Akasema nishike tu.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua ileile, lakini 950. Maji yanatoka kwenye matundu yote saba.

Jumanne, 22 Aprili

949. Ukuta umepata pua, mlima umepunguza mwendo. Nimekwenda kumwambia Injinia kwamba alikuwa sahihi tangu tarehe kumi na tano Machi. Akaendelea kuchanganya saruji yake. "Andika," akasema. Nimeandika.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua bila kukatika tangu jana jioni. 938. Matundu matatu yameziba.

Alhamisi, 24 Aprili

Saa nne na robo asubuhi. Mimi na Injinia tulikuwa tumesimama ng'ambo, kwenye kibaraza cha jirani. Nilidhani kitu kama hiki hutokea kwa kishindo. Kwanza nguzo iliinama, taratibu, kama mtu anayeamkia wakubwa. Kamba ikaanguka. Kisha mlima ukaja, na nyasi zake zimesimama wima juu yake, na maua yake, kama meza inayosukumwa bila chai kumwagika. Ukuta ulivumilia kwa muda wa pumzi mbili. Ndipo ikaja sauti, na hapo chumba cha kushonea hakikuwepo tena. Vyumba vya mbele vimebaki, vimepata ufa mmoja mrefu.

Injinia alivua kofia. Ukuta ule aliujenga akiwa na miaka arobaini.

Nilimkuta Dada sebuleni kwangu katikati ya mshono. Hakusimamisha mashine hadi alipofika mwisho wa pindo.

"Chumba?"

"Kimekwenda."

"Kuna mtu?"

"Hakuna."

Akakata uzi kwa meno. Mikono yake ikawa inatafuta kitu juu ya meza, ikapita juu ya mkasi, juu ya chaki, ikarudi. Mke wangu akaishika yote miwili. Dada akaichomoa, akasema tumpe vifungo, havitajishona vyenyewe.

Ijumaa, 2 Mei

Sare mia mbili na themanini zimekabidhiwa. Dada amelala tangu saa tisa mchana. Tunatembea kwa ncha za vidole.

Jumapili, 4 Mei

Dada alitaka kwenda kupaona. Tukaenda naye, na Injinia na miwani yake mipya.

Mlima umebaki na jeraha refu, na sakafu ya jeraha hilo ni ule udongo wa kijivu, umesuguliwa hadi unang'aa, wenye michirizi iliyonyooka kuelekea chini. Pembeni kuna mawe mapya ambayo hayajawahi kuona jua, yamejaa ganeti. Nilisimama nikasubiri waniambie niende nikaokote vijiwe vyangu. Dada ndiye aliyechuchumaa. Akapitisha kidole kwenye mchirizi mmoja, polepole, kama anakagua mshono wa mtu mwingine, akauliza umetokana na nini. Nikamweleza: jiwe la juu lilikwaruza la chini likipita. Akauliza kwa nini hapa ni laini, kule ni pakavu. Nikamweleza nilichokijua. Akauliza la tatu, nikawa sijui, naye akaendelea kupapasa.

Kisha akasimama, akajifuta magoti.

"Nataka kujenga tena. Nijenge wapi?"

"Sijui," nikasema.

"Rudia."

"Sijui, Dada. Inabidi tupime. Safari hii kigingi kimoja kiwe nje ya basi."

Alimtazama Injinia, Injinia akatikisa kichwa kukubali. Dada akauliza huko nje ni wapi. Nikamwonyesha miamba iliyo ng'ambo ya korongo. Akaongoza njia.

Tumegonga mawe kumi na moja, tukitafuta la kushika kigingi. Jiwe lililoshikamana na mwamba hulia likigongwa, lililotengana hujibu kwa sauti ya boksi tupu. Kila nililolipenda mimi, Injinia alililaumu, na kila alilolipenda Injinia, Dada alilikataa. La kumi na mbili lilikuwa nusu limezama ardhini, halina ulanga, halina ganeti, halina chochote cha kumpendeza mtu. Dada akapiga goti, akalaza sikio lake juu yake, akafumba macho.

"Gonga," akasema.

Nikagonga.

"Tena."